Mdogo Wangu, Umeokoka Mara Ngapi?

Mdogo wangu wa Egerton, hebu tuanze na hilo la hesabu. Unasema uliokoka ukiwa darasa la saba kwenye kambi ya likizo, ukaokoka tena kidato cha pili, ukaokoka kwenye mkutano wa hadhara Nakuru mjini, na tangu uingie chuo hapo Njoro umeacha kuhesabu. Mhubiri akisema tu kwamba anahisi kuna mtu humu ndani hana hakika, wewe umeshasimama. Marafiki zako wamezoea. Siku hizi wanakushikia mkoba.

Juu ya hilo sasa umepata mchumba. Wewe umelelewa African Gospel Church (AGC) kule Bomet, na tangu utoto umefundishwa kwamba wokovu unaweza kupotea mtu asipojihadhari. Yeye ni mtoto wa PCEA, kanisa la Wapresbiteri, na tangu aanze kusikiliza mahubiri ya Wamarekani kwenye simu amekuwa Mkalvini kumshinda Calvin mwenyewe. Amekwambia walioteuliwa waliteuliwa kabla dunia haijaumbwa, hakuna anayeongezwa wala kupunguzwa, na kwamba huko kupanda na kushuka kwako pengine ni dalili kuwa humo. Sasa usingizi umekuhama. Unataka kwenda kufunga siku saba kwenye mapango ya Menengai ili Mungu akuonyeshe kama jina lako limeandikwa.

Wiki ileile barua yako ilipofika nikapokea ujumbe wa mama mmoja wa Elburgon. Mwanawe wa kiume anaendesha lori la viazi, ana miaka yake thelathini na kitu, na kila mama akimgusia habari ya wokovu anajibiwa kwa upole kabisa: mama, anayeokoa ni Mungu, siku yangu ikifika ataniita. Mama anasema hajui amjibu nini, maana maneno yenyewe ni ya kweli.

Nimezisoma barua hizi mbili pamoja na nikaona zinaumwa ugonjwa mmoja. Paulo alipoandika habari za kuchaguliwa, kwenye Warumi sura ya 8, alikuwa akiongea na watu wenye dhiki, njaa na upanga mbele yao. Alitaka wajue kwamba anayewashika ni mkubwa kuliko wanaowakimbiza. Maonyo ya kuanguka, kama lile la 1 Wakorintho 10, aliwaandikia watu waliojiona wamesimama imara hata wakaanza kucheza na moto. Faraja ilikuwa ya waoga na onyo lilikuwa la wazembe. Huku kwetu tumeyapindua. Binti anayetetemeka ndiye anayepigwa na onyo kila Jumapili, na kijana aliyetulia kwenye usukani wa lori ndiye anayejifunika faraja isiyo yake.

Ndiyo maana sitakwambia leo nani ameshinda kati ya AGC ya nyumbani na Calvin wa mchumba wako. Mimi si pasta, na wenye akili kutuzidi wameshindana miaka 1,600 bila kumaliza. Lakini nataka ujue jambo moja ambalo pande zote mbili zinakubaliana nalo, kwa sababu wanaokutisha wamelisahau.

Ugomvi huu, kwa taarifa yako, ulipiganwa Afrika kabla haujafika Ulaya ya Calvin. Agostino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi tunayoiita Algeria leo, akawa askofu wa Hippo hukohuko. Mpinzani wake, Pelagius, alikuwa mtawa kutoka Uingereza aliyefundisha kwamba binadamu akiamua kwa dhati anaweza kumtii Mungu kwa nguvu zake. Maaskofu wa Afrika walikutana Carthage mwaka 418 wakaukataa mkondo huo. Mwaka 529, kwenye mtaguso wa Orange kule Ufaransa, kanisa likaongeza kwamba hata ule mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kwanza, ni neema. Zikapita zaidi ya karne kumi. Mhubiri Mwingereza John Wesley akaja na mahubiri yake ya hiari, akimpinga Calvin waziwazi, lakini hapo hakutoka: alifundisha neema inayotangulia, kwamba mtu hawezi hata kutamani kumgeukia Mungu kama Mungu hajaanza kazi ndani yake. Calvin alisema hivyo. Arminius, ambaye wafuasi wa Calvin walimchukia, naye alisema hivyo.

Sasa jitazame. Unalia usiku kwa sababu unaogopa kumkosa Mungu. Hiyo hamu umeitoa wapi? Asiyetafutwa hakosi usingizi. Kwa mafundisho ya nyumbani kwenu Bomet, na kwa mafundisho ya mchumba wako pia, machozi hayo ni ushahidi wa upande wako. Na kwenye Yohana 6 utaona Yesu akisema mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba wote aliopewa na Baba watamjia, na kwamba ajaye kwake hatamfukuza kamwe. Kwako wewe la pili ndilo la kushika, kwa sababu ndilo linalosema habari ya mtu anayekuja, na wewe umekuja mpaka umechosha zulia la mbele.

Kwa hiyo, mwito ukitolewa Jumapili ijayo, kaa. Najua itakuwa vigumu, moyo utapiga. Kaa hivyohivyo. Umekuwa kama bibi harusi anayefunga ndoa upya kila wiki na mume yuleyule, eti anaogopa cheti cha kwanza kiliandikwa vibaya, na wakati huo nyumbani hakuna aliyewahi kupika. Kuna mambo ya kuishi na Kristo ambayo hujayaanza kwa sababu kila mara unarudishwa mlangoni. Ukikosea Jumatano, tubu Jumatano, palepale kitandani hosteli, uamke uende darasani. Petro alimkana Bwana mara tatu kwa usiku mmoja, na hakubatizwa upya.

Waebrania 6, hiyo sura uliyoipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka, inawaongelea watu waliomwonja Kristo wakamgeuzia kisogo kwa kukusudia, wakaenda zao. Mtu wa namna hiyo haandikii kona ya ushauri saa nane za usiku.

Tuje kwa mchumba. Hapa nitasema kidogo kwa ukali, mnisamehe. Kijana huyo amesoma nusu. Kanisa lake la PCEA ni la mbegu ya Waskoti, na urithi wa Waskoti ni Ungamo la Westminster, lililoandikwa London miaka ya 1640. London ile ya Uingereza, si hii yetu ya Nakuru. Sura ya 3 ya ungamo hilo inafundisha uteule bila kuuma maneno, halafu ikifika kifungu cha 8, cha mwisho, inaonya kwamba fundisho hili ni zito na lishikwe kwa busara na uangalifu wa pekee. Muulize kama alifika kifungu cha 8.

Halafu kuna Dort. Sinodi hii iliketi Uholanzi mwaka 1618 na 1619 kuwahukumu wafuasi wa Arminius, na ndiyo iliyotoa zile hoja tano ambazo mchumba wako anazitaja kama majina ya wachezaji wa Gor Mahia. Haukuwa mchezo: siasa ziliingia, na mwezi Mei 1619 kiongozi mkuu wa serikali aliyewatetea Waarminio, Johan van Oldenbarnevelt, alikatwa kichwa mjini The Hague. Lakini watu hao wakali, kwenye sura ya kwanza ya kanuni zao, kifungu cha 16, walisimama wakamfikiria mtu kama wewe. Walisema mtu ambaye haisikii bado imani ikiwaka ndani yake, lakini anaomba, anasikiliza Neno na anatamani kumpendeza Mungu, asishtuke akisikia habari za waliokataliwa, wala asijihesabu miongoni mwao. Aendelee kutumia njia alizopewa, angoje kwa unyenyekevu. Hao ndio Wakalvini wenyewe, katika kikao chao kikubwa. Basi huyu wa kwetu aliyefunzwa na simu amepata wapi ruhusa ya kukupima?

Akisema tena kwamba pengine wewe si mteule, muulize hilo daftari alionyeshwa siku gani. Mwanamume anayekupenda akijua fundisho fulani linakunyima usingizi hulirudia kila mkigombana? Hilo lisikupite ukidhani ni theolojia.

Nina sababu nyingine ya kuogopa uteule unaogeuzwa kuwa cheo, na iko karibu na sisi kuliko mnavyodhani. Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200 kutoka Afrika Kusini walishuka kwenye stesheni ya reli ya Nakuru, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Wakafunga magari yao ya ng'ombe, wakapanda milima kupitia matope na misitu mpaka Uasin Gishu, wakapewa mashamba na serikali ya kikoloni. Walikuja na Biblia zao na imani yao ya Dort. Wengi wao waliamini kwamba Mungu aliyewateua aliwapa na nchi, na wenye nchi hawakuulizwa. Baadaye kazi ya injili iliyoanzia kwa watu hao ilizaa Reformed Church of East Africa, ambayo makao yake yako Eldoret na ambayo leo ni ya Wakenya wenyewe, kanisa la heshima. Mungu ana njia zake. Lakini swali la kumwuliza kila anayejiita mteule lipo palepale: umeteuliwa ili umfanyie nani nini?

Usidhani upande wenu wa Bomet umepona. Wamishonari wa World Gospel Mission waliofanya kazi Tenwek tangu miaka ya 1930 walikuja na moto wa Wesley, na walifanya mema makubwa. Hospitali ipo na kila mtu wa South Rift anajua imeokoa watu wangapi. Ila moto huo, ukipitia midomo ya wahubiri wetu wa baadaye, wakati mwingine ulibaki na hofu tupu. Msichana akivaa suruali amepoteza wokovu. Akikosa kesha amerudi nyuma. Wesley alihubiri utakatifu, ni kweli, lakini alihubiri pia kwamba mtu anaweza kujua leo kuwa amesamehewa na akafurahi. Hiyo nusu ya pili mliachiwa wapi?

Na kwa vile mnafikiria ndoa: Wesley na George Whitefield walikuwa marafiki, wakakosana juu ya jambo hilihili Wesley alipohubiri dhidi ya uteule mwaka 1739, wakaenda njia mbili. Urafiki ulirudi ingawa hoja haikuisha. Whitefield alipofariki Marekani mwaka 1770, aliyesimama London kuhubiri kwenye ibada ya kumkumbuka alikuwa Wesley. Kwa hiyo Mkalvini na Mwesley wanaweza kukaa nyumba moja. Kinachovunja nyumba ni mengine ambayo hamjaulizana: mtoto atabatizwa akiwa mchanga kama PCEA wanavyofanya, au atangoja akue? Jumapili mtaenda wapi, na sadaka itatoka mfuko wa nani? Yajibuni hayo kabla kamati ya harusi haijaitwa.

Mapango sasa. Sikukatazi kuomba. Watu wameomba Menengai miaka mingi, na wengi wanarudi na amani. Lakini usiende kutafuta orodha. Hakuna mahali kwenye Maandiko ambapo mtu alitumwa kufunga ili aonyeshwe kama jina lake limo, na ukishinda siku saba bila kula ndani ya mwamba, akili itakuonyesha chochote unachokiogopa. Ukienda, nenda asubuhi na wenzako, beba maji na sweta zito, mwambie mtu wa nyumbani, rudi kabla ya giza. Kule juu baridi haijui umekuja kwa nia gani.

Mama wa Elburgon, wewe ni mkubwa wangu, kwa hivyo naomba niseme kwa adabu.

Mwanao amekushinda kwa sababu amechukua ukweli mmoja akaficha ule mwenzake. Kuna hadithi kwenye Matendo 27 ningependa umsimulie, bila kumhubiria, siku amekaa anakula. Paulo yumo kwenye meli ya mizigo, dhoruba imewapiga siku nyingi, watu 276 wamekata tamaa. Usiku malaika anamwambia hakuna hata mmoja atakayekufa, meli tu ndiyo itakayopotea. Neno limetoka kwa Mungu, limekwisha. Siku chache baadaye mabaharia wanajifanya kwenda kutia nanga mbele, kumbe wanashusha mashua watoroke. Hapo Paulo anamgeukia ofisa wa askari anamwambia: hawa wasipobaki melini, nyinyi hamwezi kuokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda zake.

Paulo yuleyule, na Mungu yuleyule. Ahadi kwamba wote watapona haikumfanya akae akingoja kupona. Ilimfanya aonye mpaka kamba zikakatwa. Na walipona kwa kuogelea na kushikilia mbao mpaka Malta, wamelowa na kuchoka. Mungu alikuwa ameamua mwisho, na ameamua pia kwamba mwisho huo utapitia mikono ya mabaharia. Kijana wako analijua hili vizuri kwenye kazi yake. Anaamka saa tisa kupakia viazi, anapima upepo wa magurudumu, anagonga breki. Hajawahi kusema kama Mungu anataka gunia lifike Nairobi litafika. Uvivu huu wa kungoja kuitwa anautunzia roho yake peke yake.

Umwambie hivyo mara moja, mama. Halafu uache. Na tafadhali usimtaje kwa jina kwenye maombi ya kina mama, maana Elburgon ni ndogo na habari humfikia kabla hujafika nyumbani.

Ninakwambia uache kwa sababu ya mama mwingine. Monika, mamake Agostino, alimlilia mwanawe miaka mingi. Alimfuata mji hadi mji. Kijana akamdanganya usiku mmoja Carthage akapanda meli bila yeye, na bado mama akamfuata mpaka Italia. Wakati mmoja alimwendea askofu akimsihi aongee na kijana. Askofu akakataa. Alimwambia amwache kwanza, amwombee tu, na kwamba mwana wa machozi mengi kiasi kile hawezi kupotea. Agostino alibatizwa Milan, Pasaka ya mwaka 387, na mwaka huohuo Monika akafa. Mtu aliyekuja kuandika kwa nguvu kuliko wote kwamba ni Mungu anayemtafuta binadamu alitafutwa kupitia mama asiyechoka. Sioni kama aliona mgongano hapo.

Nina neno kwa wengine pia, hasa wanaosema kwenye mazishi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai, maji yakashuka na nyumba na watoto ndani, watu zaidi ya 40 wakafa. Kwenye misiba kama ile hakosi mtu wa kusema kazi ya Mungu haina makosa. Naelewa anataka kufariji. Lakini bwawa lilichimbwa na watu. Petro alipohubiri siku ya Pentekoste alisema Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na bila kupumua akaongeza kwamba nyinyi ndio mliomuua. Hakuacha moja limeze lingine. Anayemtaja Mungu ili watu wasiulizwe maswali hajamtukuza Mungu.

Wachungaji na viongozi wa vijana, nimewaweka mwisho makusudi. Mnapotoa mwito, acheni kumwinda mtu aliye na wasiwasi. Ni rahisi kumpata na hesabu ya walioinua mikono itaonekana nzuri kwenye ripoti, lakini ni walewale wa mwezi jana. Binti akija mbele mara ya tatu, msimrudishie sala ya toba tena. Mketishe pembeni umwulize analala vipi, anakula nini, nani anamtisha. Mwandike jina, mtafute Jumanne. Na yule kijana aliyesimama nje kwenye lango akiongea na simu mahubiri yote, akisema siku yake haijafika, ndiye wa kuendewa. Ukimkuta, usianze na uteule. Mwulize lori linapakia saa ngapi, umsaidie kufunga turubai.